Pilau au biriani kwa chakula cha Krismasi

Kwa familia ya Unguja inayorudi kutoka ibadani Mkunazini tarehe 25 Desemba ikiwa na njaa, pilau ina faida iliyo wazi: nyama, mchele, bizari nyembamba, karafuu, mdalasini, hiliki na pilipili manga huiva katika sufuria moja, ambayo ikipaliwa makaa juu ya mfuniko huendelea kuwa na joto. Biriani hudai kazi zaidi, kwa kuwa masala yake ya mtindi, tungule na vitunguu vilivyokaangwa hupikwa mbali na wali; hata hivyo, masala hayo yanaweza kutayarishwa tangu mkesha, na yakilala hukolea zaidi. Mimi ninachagua biriani. Nyama, kwa vyovyote, ichinjwe na Muislamu, ili majirani wanaopelekewa sahani wale bila wasiwasi.