Walinipotezea blogu, wakaniambia niandike tena

"Si uandike tena tu, mama?"

Naanza na maneno hayo kwa sababu ndiyo yaliyonikesha usiku huu, cherehani imefunikwa na watoto wamelala. Diski kufa ningesamehe. Mashine hufa. Sindano yangu huvunjika nikiwa na gauni la bi harusi mkononi na harusi ni kesho. Lakini maneno yale matano, jinsi yalivyotamkwa, na yule kijana alivyorudisha macho kwenye simu yake kabla sijajibu, hayo sijaweza kuyameza mpaka leo.

Kampuni siitaji. Ni moja ya hizi zinazotunza tovuti za watu na kuuza majina ya .co.tz, ofisi yao iko Dar es Salaam, ghorofani. Bei na ukubwa wa nafasi utavikuta kwenye matangazo yao. Mimi nazungumzia walivyonitenda.

Blogu yangu ilikuwa ya maisha tu. Nilianza enzi zile watu maofisini wanafungua blogu ya Issa Michuzi, yule mpiga picha za habari, kabla hawajagusa kazi ya mwajiri. Michuzi alianza mwaka 2005, na kabla yake Ndesanjo Macha alikuwa ameshatuonyesha kwa blogu yake ya Jikomboe kwamba Kiswahili kinaweza kukaa mtandaoni kwa miguu yake chenyewe. Mimi nilikuja nyuma yao kwa miaka kadhaa, fundi cherehani wa Tanga, sina cheo wala kamera. Niliandika foleni ya maji. Niliandika bei ya nazi inavyopanda Ramadhani ikikaribia. Niliandika mama mmoja aliyeleta shati la marehemu mumewe nimshonee foronya, akakaa kwenye benchi akinitazama nakata, na kila mkasi ulipofunga naye alifumba macho. Yote niliandika kwa simu, kati ya mteja na mteja, vidole vikiwa na chaki.

Mwanzo nilikuwa Blogspot, ile huduma ya blogu ya Google, bure. Mpwa wangu akaniambia, "Shangazi, mtu anayeandika hivi anastahili jina lake mwenyewe." Nikahamia kwa hawa. Kila mwaka nililipa kwa simu, kila mwaka risiti ikaingia. Zilipotoka kanuni za maudhui ya mtandaoni mwaka 2018 na wenye blogu tukatakiwa kukata leseni, gharama zikapita shilingi milioni mbili ukijumlisha maombi, leseni na ada ya mwaka. Wenzangu wengi walifunga. Mimi niliuza cherehani yangu ya kudarizi, ndugu wakanichangia zilizobaki, nikaendelea. Naeleza haya ili mjue nilichowakabidhi hawa watu nilikipataje.

Sasa siku yenyewe. Masika yalikuwa yameanza. Mteja wangu mmoja akapiga simu: "Dada, ile habari yako ya ukili haifunguki." Nikafungua. Ukurasa mweupe pe, na mstari mmoja wa Kiingereza unaosema imeshindikana kuunganika na hifadhidata. Nikapiga namba yao, ikaita mpaka ikakatika. Nikaandika WhatsApp, tiki mbili, zikageuka bluu, kimya. Hivyo hivyo wiki ya kwanza, na ya pili. Kuna siku walijibu, "Tunalifanyia kazi." Nikashukuru. Nikawaombea na dua. Baada ya hapo hata tiki za bluu zikakoma.

Nikafunga duka, nikapanda basi la alfajiri. Nikashuka Mbezi, nikachukua mwendokasi hadi mjini, nimebeba mkoba una risiti zote nilizozichapisha stesheneri, miaka yote, nimezipanga kwa tarehe na kuzibana.

Kijana wa mapokezi hakuniamkia. Nina umri wa kumzaa. Nimesimama mbele yake, nimesema "Habari za kazi, mwanangu," akaitikia "poa" huku spika ya simu iko sikio moja. Kiti kilikuwepo, hakunikaribisha. Nikamweleza. Akabofya kompyuta, akabofya tena, akasema diski ya seva ilikufa.

Nikamuuliza, "Na nakala ya akiba?"

"Bakapu zilikuwa humo humo."

Mimi si mtaalamu, lakini hata mimi ninayeshona najua kwamba mtu haweki funguo ya akiba kwenye kamba moja na funguo anayotumia. Nikamwambia. Akasema mkataba unasema bakapu ni jukumu la mteja. Nikamwonyesha ukurasa wao wenyewe nilioupiga picha kwenye simu, umeandikwa kwamba data za mteja hunakiliwa kila siku. Akautazama. Hapo ndipo alipouliza ni blogu ya nini, ya biashara? Nikasema ni ya maisha, nilivyoona, watu niliokutana nao. Akacheka kidogo, siyo kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Si uandike tena tu, mama?"

Niandike tena nini? Mama wa shati nimtoe wapi nimkalishe tena kwenye benchi? Mwanangu wa kwanza alipotamka neno "cherehani" kwa mara ya kwanza akasema "chehani", niliandika jioni ile ile, na siku hizi amenipita urefu. Mtu anayeandika kila siku haandiki kwa kukumbuka, anaandika ili asilazimike kukumbuka. Nilikuwa nimeweka pale miaka kumi na zaidi ya maisha yangu nikijua ipo, nitaikuta.

Kitu kimoja walinirudishia: picha. Blogu zinazotumia WordPress, programu ya kuendeshea blogu kama yangu, hukaa sehemu mbili, picha ziko kwenye mafaili yake na maneno yako kwenye hifadhidata, na kilichopona ni upande wa picha. Nilizipokea kwenye flashi. Mamia ya picha, majina yake ni namba tupu. Sufuria jikoni kwa mtu. Mkono wa mzee umeshika tiketi. Mlango wa buluu. Ule mlango sikumbuki ni wa nani, na niliupiga picha kwa sababu.

Kwa hiyo jibu langu kwa anayeuliza kama awaendee ni hapana. Usiwape hata orodha ya vitu vya sokoni wakutunzie.

Lakini sitakuwa nimetenda haki nisipomtaja binti mmoja. Nimeshafika chini nje ya jengo, nimejifuta uso kwa mtandio, nasikia mtu anashuka ngazi mbio. Mwanafunzi wa chuo, yuko fildi pale, kitambulisho kinaning'inia shingoni. "Shikamoo mama. Samahani, niliwasikia mle ndani. Naomba anwani ya blogu yako." Tukakaa kwenye ukingo wa maua. Akatumia bando lake mwenyewe. Akafungua Wayback Machine, ghala la kurasa za kale la Internet Archive ya San Francisco. Shirika hilo alilianzisha Brewster Kahle mwaka 1996, na Wayback Machine ikafunguliwa kwa watu wote mwaka 2001. Programu zao hupita kwenye kurasa za dunia nzima zikichukua nakala, hata za fundi wa Tanga ambaye hakuwahi kuziomba. Binti akaandika anwani yangu, ikatokea kalenda yenye vidoa vya buluu, akabofya kimoja, na blogu yangu ikafunguka. Rangi zimeharibika, picha nyingine hazipo, lakini maneno ni yangu. Nilimshika yule mtoto mkono nikashindwa kuuachia.

Kwenye basi la kurudi nilikuwa nimeshabadilisha hukumu. Nikasema kampuni yenye binti kama yule si ya kutupwa, labda nilimkuta yule kijana siku mbaya, labda naye ana bosi anayemkanya asikubali kosa. Nikakusudia kuandika tathmini ya wastani, nyota mbili, hata tatu. Nikaanza pia kuutetea uamuzi wangu wa kutoka Blogspot, maana cha bure nacho hakina dhamana. GeoCities, ambako watu walijitengenezea kurasa zao, ilikuwa ya bure pia, Yahoo wakaifunga mwaka 2009 na kurasa za watu wasiohesabika zikaondoka nayo.

Usiku huo nikaketi kukusanya. Kati ya maandiko kama mia sita nimepata mia mbili na kumi na nne. Nilikuwa nayanakili moja moja, chai imepoa, nina furaha ya mtu aliyefukua mali yake, mpaka nikafika kwenye baiskeli ya baba.

Baba alikuwa na Phoenix nyeusi, alikwenda nayo kazini kwenye mashamba ya mkonge, na kengele yake ilisikika Ngamiani nzima alfajiri. Niliandika habari zake mwaka alipofariki. Chini ya andiko lile, muda mrefu baadaye, msomaji mmoja wa Maskati aliacha maoni. Alijiita Mzee wa Mji Mwema. Alikuwa amezaliwa Tanga akaondoka kijana. Aliandika aya tatu. Alisema kengele ile anaikumbuka, kwamba mama yake alikuwa akiisikia anamwambia "amka, mwenye mkonge kashapita," na kwamba baba yangu aliwahi kumbeba nyuma ya baiskeli siku alipokatwa mguu na chupa, akamfikisha hospitali na damu imejaa kwenye suruali yake. Baba hakuwahi kutusimulia. Nilikuwa na arobaini na kitu nilipoijua habari ile ya baba yangu, kutoka kwa mtu ambaye sikuwahi kuona sura yake. Mzee huyo naye hayupo tena, binti yake ndiye aliyenijulisha.

Nakala ya Wayback ilichukuliwa kabla hajaandika. Andiko lipo. Chini yake pameandikwa: maoni 0.

Basi nyota zote nimezifuta. Binti wa fildi si kampuni. Fildi yake itakwisha ataondoka, na pale juu atabaki yule kijana na kile kiti kisichokaribishwa mtu. Nimewaandikia nidai fedha zangu, wakajibu haraka kuliko walivyowahi kunijibu, wananipa mwaka mmoja wa bure. Mwaka wa bure wa kuwekewa kitu na watu hawa! Sikuukataa wala sikuukubali, sijawajibu. Kuna saa najiambia nichukue, fedha yangu ni ya jasho. Halafu naikumbuka ile sifuri.

Kwa sasa kila Ijumaa nikifunga duka napakua nakala kwenye flashi mbili, moja naiacha kwa dada yangu Pangani. Yale ninayoyapenda zaidi nayanakili kwa mkono kwenye kaunta buku.

Na kama uliwahi kusoma andiko la baiskeli ya baba, ukapiga skrinishoti ya yale maoni ya Mzee wa Mji Mwema, au ulimtumia mtu, au uliyachapisha ofisini ukayasahau kwenye droo, tafadhali yatafute. Hata aya moja. Hata ile ya damu kwenye suruali peke yake.