Naabi, Ndabaka au Ikoma: mageti matatu ya Serengeti niliyoyapita mwenyewe

Nilipohamia Mwanza nilikuwa bado naamini Serengeti inaingiliwa Arusha tu. Geti la Ndabaka liko pale Lamadi, kando kabisa ya lami ya Mwanza–Musoma, na nilikuwa nalipita kila nikienda Bunda kikazi bila hata kugeuza shingo. Kwa hiyo safari ya kwanza, mimi, mke wangu na shemeji mwenye Prado, tulizunguka hadi Arusha kwenda kuingilia Naabi. Naona aibu kusema tulitumia dizeli kiasi gani.

Ilikuwa Februari. Kutoka Arusha hadi Seronera, katikati ya hifadhi, ni kilomita 335, na lami inakuacha geti la Lodoare, ukishapita Karatu. Hapo ndipo mfuko unapoanza kulia: unalipia Ngorongoro, watu na gari, hata kama haja yako ni kupita tu. Serengeti unailipia baadaye, ukifika Naabi. Na ukirudi kwa njia ileile, Ngorongoro wanakudai tena. Barabara ya kushuka kutoka ukingo wa kreta imejikunja kama bati, na vumbi lilitufuata hadi ndani ya hotpoti ya chapati.

Lakini sitainyima Naabi sifa yake. Februari nyumbu wako nyanda za kusini, upande wa Ndutu, na ndio msimu wao wa kuzaa. Kabla hata hatujafika getini walikuwa wametuzunguka kushoto na kulia. Tulimwona ndama akizaliwa, akasimama, akaanguka, akasimama tena, na kabla shemeji hajamaliza soda yake alikuwa anakimbia ubavuni kwa mama. Pale getini kuna kinjia cha kupanda kilimani kwa miguu. Pandeni. Ukiwa juu ya yale mawe unaelewa kwa nini Wamasai waliita mahali hapa siringet, yaani nyanda zisizo na mwisho.

Mwaka uliofuata, Juni, tukajaribu Ndabaka. Tuliondoka Mwanza saa 11 alfajiri, saa 1 na ushee tuko getini. Magari matatu tu mbele yetu. Unalipa kwa namba ya malipo au kadi, noti mkononi hawachukui, na ada ya Ngorongoro huijui. Mwezi huo makundi ya nyumbu huwa yanapita ukanda wa magharibi kuelekea mto Grumeti, na mamba wa pale ni wakubwa hadi mke wangu alidhani ni gogo. Kwenye miti ya kando ya mto kuna mbega, wale weusi wenye mkia mweupe. Hao upande wa Naabi hatukuwaona kabisa.

Kasoro zake? Umbali kwanza. Kutoka Ndabaka hadi Seronera ni kilomita zipatazo 145, kwa hiyo asiyelala ndani asijidanganye kwamba atafika huko akarudi kabla ya geti kufungwa saa 12 jioni. Halafu mbung'o. Hao wanapenda rangi ya buluu na nyeusi, na mke wangu alikuwa amevaa buluu kuanzia kilemba hadi viatu. Aliumwa hadi akanihamishia lawama mimi.

Kosa kubwa nililifanya mwenyewe, safari ya tatu: Aprili, na Noah. Askari wa getini aliniuliza kwa upole kama gari lina fowili, yaani kama linavuta kwa magurudumu yote manne. Nikamjibu mvua imekatika. Ilikuwa imekatika pale getini tu. Udongo wa ukanda ule ni mweusi, wa mfinyanzi, ukilowa unang'ang'ania tairi kama ugali wa muhogo. Tulikaa palepale kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana, vioo juu, watoto wanataka kushuka kujisaidia na nyati wanatutazama, mpaka lori likaja kutuvuta.

Ikoma nimepita mara moja, kwa kutokea, na sina mengi ya kusema. Unatoka Seronera kwenda kaskazini-magharibi, ni mwendo mfupi, kisha Mugumu hadi Bunda. Kama nyumbani ni Kanda ya Ziwa na unalala Seronera, ningekushauri uingie Ndabaka na utokee Ikoma, usirudie njia moja. Kwa wa Arusha, Desemba hadi Machi vumilieni bati lile na mlipe mara mbili, kwa sababu nyumbu wako mlangoni kwenu.

Agosti hii tunataka kuwaona wakivuka mto Mara kule Kogatende, tukipitia Mugumu. Shemeji amekataa kutoa Prado, Noah nimeshaiuza, kwa hiyo natafuta familia moja ya Mwanza tuchangie gari la kukodi. Lenye fowili.