Kulitazama onyesho lile lile la Kigogo mara nyingi: uzoefu wangu Dodoma

Kwa misimu kadhaa sasa nimekuwa nikihudhuria onyesho moja la muziki na ngoma za Kigogo, yaani za Wagogo, wenyeji wa Dodoma, linalochezwa na kikundi kutoka Wilaya ya Chamwino katika ukumbi mmoja wa hapa Dodoma mjini, na nimelitazama mara nyingi kiasi cha kujua wimbo unaofuata kabla haujaanza. Majirani huniuliza kwa nini ninaendelea kulipa kiingilio cha kitu ninachokijua. Maelezo haya nayaandika kwa ajili ya mtu aliyeliona mara moja, akafurahi, na akaona hana sababu ya kurudi, kwa sababu naamini mtu huyo amelipia onyesho zima na kuondoka na nusu yake.

Mpangilio wake haubadiliki. Kiongozi wa kikundi, mama wa makamo, huingia na kusema "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, ukumbi ukaitikia, kisha mzee mmoja hukaa kwenye kigoda na kupiga zeze, ala ya nyuzi inayopigwa kwa uta, akiwa peke yake. Hufuata marimba za vidole, ambazo Wagogo huziita ilimba, halafu wanaume waliofunga njuga miguuni, halafu nyimbo za sauti nyingi za mtindo wa nindo, na mwisho kabisa wanawake huingia na ngoma za muheme. Yote huchukua takriban saa moja na nusu bila mapumziko.

Nianze na muheme, kwa kuwa ndiyo sehemu inayomlipa zaidi anayerudi. Mtu anapoiona kwa mara ya kwanza, macho hufanya kazi yote: wanawake wamesimama, kila mmoja amebana ngoma yake katikati ya mapaja, shanga zinarukaruka, na mtazamaji aliyezoea kuona ngoma mikononi mwa wanaume hushangaa na kushangilia tu. Ukirudi, macho yakiwa yameshiba, masikio huanza kutenganisha. Ngoma ndogo hushikilia pigo moja lisilobadilika, kila moja ikijaza nafasi iliyoachwa na mwenzake, na juu yake ngoma kubwa ya kiongozi hupita huku na huko, ikiwahimiza wachezaji na kuwajibu. Ni pale tu unapokuwa umelishika pigo la ndogo kichwani ndipo unapotambua kiongozi amelikwepa wakati gani, kwa muda gani, na amerudi vipi. Hapo ndipo niliposadiki kwamba hakuna usiku ambao mama yule alipiga sawasawa na usiku uliotangulia. Safari moja binti mdogo aliwekwa kwenye ngoma ndogo, bila shaka kwa mara yake ya kwanza mbele ya watu, na mama akakaa kwenye mapigo mepesi kwa muda mrefu, akimtazama, mpaka mikono ya binti ilipotulia. Ndipo akaanza kutanuka. Mgeni aliyekuwa karibu yangu aliona ngoma nzuri. Mimi niliona mafundisho yakitolewa jukwaani bila neno moja kusemwa, na nilifurahi kuliko usiku mwingine wowote.

Nyimbo nazo zinadai uvumilivu wa namna hiyo. Anayetoka kwenye kwaya zinazoongozwa na kinanda huenda akadhani baadhi ya sauti zimepotoka. Hazijapotoka. Ngazi ya sauti za Kigogo inafuata sauti za asili zinazozaliwa na uzi mmoja uliokazwa, na mojawapo ya sauti hizo haipo kabisa kwenye kinanda, kwa hiyo sikio linahitaji kuizoea kabla ya kuipenda. Zaidi ya hapo, waimbaji hugawana: upande huu hutoa vipande vifupi, upande ule hujibu katikati yake, na wimbo wenyewe hauko kinywani mwa mtu yeyote mmoja. Ndiyo maana mahali unapoketi hubadilisha unachosikia. Nikikaa kushoto napata sauti nzito za wanaume na wanawake wazee. Nikikaa kulia napata zile nyembamba zinazopanda na kuvunjika juu. Katikati ni pazuri kwa kutazama, lakini kwa kusikiliza napaweka nafasi ya tatu.

Hata majira huingia ukumbini. Wakati wa mvua ngozi za ngoma hulegea kwa unyevu, na ukifika mapema utawaona vijana nyuma ya ukumbi wakizikausha kwenye moto. Hata hivyo kuelekea mwisho sauti huwa imeshuka na kuwa ya chini, yenye uzito. Juni na Julai, upepo mkavu wa Dodoma unapovuma, ngozi hukaza na kila pigo hutoka kali na safi. Mimi napenda zaidi sauti ya kiangazi, ingawa wapo wazee wanaosema muheme hunoga ngozi ikiwa na unyevu kidogo. Chukua sweta, kwani usiku wa miezi hiyo ni wa baridi kweli.

Wengi huja wakiwa wamesikia rekodi za marehemu Hukwe Zawose, aliyeupeleka muziki huu duniani akiwa Bagamoyo na kufariki 2003, au albamu ya mabinti wa ukoo wake, Zawose Queens, iliyotoka 2024. Rekodi hizo nazipenda na ninazo. Lakini rekodi haimsubiri binti aliyetetereka. Vilevile naheshimu sana tamasha la muziki wa Kigogo linalofanyika Chamwino tangu 2009, ambako vikundi vingi hukutana. Pale utaonja mengi kwa siku chache, ilhali hapa unakaa na kikundi kimoja hadi ukijue.

Kasoro zipo, na zinaniudhi kwa sababu ninalipenda onyesho hili. Fundi mitambo huweka kipaza sauti karibu mno na zeze na kufungua spika kupita kiasi, hata mkwaruzo wa uta ukafunika sauti ya uzi, wakati ukumbi ule ni mdogo na zeze lingesikika vizuri likiachwa lilivyo. Mshereheshaji naye huongea juu ya miguno ya mwisho ya nindo ili kutangaza kinachofuata, jambo ambalo naomba likomeshwe mara moja. Kuanza kwa kuchelewa tumeshakuzoea, lakini wenye watoto wadogo huteseka.

Kiingilio ni shilingi 10,000 kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto, na hulipwa mlangoni. Anayekwenda mara ya kwanza akae katikati. Anayerudi aketi kushoto, mstari wa pili, karibu na ngoma ndogo, na muheme utakapoingia amfuate mpigaji mmoja tu wa ngoma ndogo kuanzia pigo la kwanza hadi la mwisho.