Oili ya 0W-20 au 5W-30 kwa gari la Nyanda za Juu Kusini

Mwenye gari ambalo kitabu chake kinataka oili ya 5W-30, naye anaishi Mbeya au Makambako, hushawishika kuweka 0W-20 kwa hoja kwamba asubuhi za Juni na Julai huku ni za baridi na oili nyepesi huwahi kupanda juu ya injini. Hoja hiyo ina ukweli, ila ni mdogo. Namba iliyo kabla ya W inahusu baridi, na 5W hupimwa kama inaruhusu injini kuzungushwa katika nyuzi 30 chini ya sifuri, baridi ambayo hata uwanda wa juu wa Kitulo haujawahi kuiona.

Tofauti yenye uzito iko kwenye namba ya pili. Katika joto la nyuzi 150, oili ya daraja la 20 hutakiwa kubaki na unato (ukinzani wake wa kutiririka) usiopungua milipaskali-sekunde 2.6, ilhali ya 30 hutakiwa usiopungua 2.9, na gari lililojaa abiria na magunia linapopanda mlima wa Kitonga kwa gia ndogo, unato huo ndio unaoshikilia utando wa oili kati ya beringi na krenki.

Kwa mafuta, 0W-20 huokoa kiasi kidogo, na kitabu kikiiruhusu sina pingamizi nayo. Kisipoiruhusu, hasa kwa injini kuukuu yenye ringi zilizolika, ningebaki na 5W-30. Aliyekwisha kuweka nyepesi apime oili kwa kijiti mara kwa mara, na taa ya oili ikimulika gari likiwa silensa (injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta) baada ya mlima, azime injini mara moja.