Egg au Grand Repos: kiti kipi cha mabawa kinakuficha vizuri?

Wote wanauliza Egg, sawa, msanifu wa Denmark Arne Jacobsen aliichora kwa ajili ya SAS Royal Hotel pale Copenhagen miaka ya 1950 mwishoni, na shida aliyokuwa anaitatua ni ukae lobi katikati ya watu halafu usijihisi uko sokoni. Ndo maana mgongo na mabawa (zile kuta za pembeni ya kichwa) ni ganda moja limekukumbatia mpaka masikioni, na kiti kinazunguka, hutaki kuonana na mtu unageuka zako ukutani yakaisha.

Grand Repos ya mbunifu Antonio Citterio (kampuni ya samani ya Vitra, 2011) ni mambo mengine kabisa. Mabawa yapo ila ya kiasi, mtu akichungulia kwa pembeni anakuona tu. Utamu wake uko chini, kuna mashine imefichwa ndani ya kitambaa, ukiegemea mgongo unashuka na sehemu ya kukalia inasogea pamoja nao, ukipata pozi unalifunga hapohapo, kiuno hakibaki kinaning'inia. Kulala mchana je? Hapa Egg haioni ndani, yenyewe inaegemea kidogo tu basi.

Afu Egg ina jambo moja, kuivalisha upya ni kazi, ile mikunjo yote inataka mshono wa mkono, usimpe fundi wa makochi ya kawaida atakurudishia viazi.

Mimi sehemu yenye watu wengi nachukua Egg bila kufikiria, nyumbani kwa kusoma na kusinzia, Grand Repos. Bei? Zote zinauma.