Hesabu ya FAOSTAT na IPCC ya gesi ya mabaki ya mazao: inafaa kiasi gani Tabora na Kigoma?

Huduma inayopimwa hapa ni ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa: takwimu za hifadhidata yake ya FAOSTAT za mabaki ya mazao, pamoja na fomula inayozizalisha, yaani Mwongozo wa IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, wa mwaka 2006, juzuu ya 4, sura ya 11. Bei ni bure. Takwimu zinaanzia 1961, na faili la Tanzania linapakuliwa bila kujiandikisha. Tunaipa nyota 3 kati ya 5. Zile mbili imezikosa kwa tumbaku, muhogo na pamba, na kwa mambo mengine ambayo afisa kilimo wa kata atayatambua mara moja.

Kwanza, kinachohesabiwa. Mabua, majani na mizizi inayobaki shambani ina naitrojeni. Mvua za Novemba zikianza, bakteria wa udongoni huanza kuyaozesha, na naitrojeni hiyo hugeuka kuwa amonia, kisha naitreti. Udongo ukijaa maji na hewa ikipungua, bakteria wengine huitumia naitreti hiyo badala ya oksijeni. Katika hatua hizo huvuja naitrasi oksidi, N2O. Kilo moja yake huhesabiwa sawa na kilo 265 za kaboni dioksidi kwa kipindi cha miaka 100. Hicho ni kigezo cha Ripoti ya Tano ya IPCC, na ndicho nchi zinachotumia kuripoti chini ya Mkataba wa Paris. Anayekutana na 310, 298 au 273 ajue ni cha ripoti nyingine, asivichanganye katika jedwali moja.

Tuipitishe fomula kwenye shamba la mahindi la Urambo linalotoa magunia 8 ya kilo 100 kwa ekari, yaani takribani tani 2 kwa hekta. Toa unyevu kwa kuzidisha na 0.87, unabaki na tani 1.74 kavu. Mabaki ya juu ya ardhi ni 1.74 mara 1.03, ujumlishe 0.61, sawa na tani 2.40. Kila kilo ina naitrojeni 0.006, kwa hiyo ni kilo 14.4. Mizizi: jumlisha mavuno na mabaki ya juu, zidisha na 0.22, kisha na 0.007, unapata kilo 6.4. Jumla ni kilo 20.8 za naitrojeni kwa hekta, pungufu kidogo ya mfuko mmoja wa urea wa kilo 50, wenye kilo 23. Asilimia 1 ya hiyo hutoka kama naitrojeni ya N2O. Ili kupata uzito wa N2O yenyewe, zidisha na 44, gawanya kwa 28, upate kilo 0.33 za N2O kwa hekta. Ni sawa na kilo 87 za kaboni dioksidi. Sehemu inayochukuliwa na maji ya mvua kwenda chini huongeza asilimia 22.5 juu ya hapo.

Hapa huduma inastahili sifa. Kila namba ina asili yake, na ukiona jibu la ajabu unaweza kurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka ulipokosea.

Kosa la kawaida kuliko yote liko kwenye ile 0.61. Namba hiyo ni ya hekta moja. Anayechukua tani zote za mkoa, akazizidisha na 1.03 na kuongeza 0.61 mara moja tu mwishoni, amefuta karibu robo ya mabaki ya mahindi. Kwa karanga hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa namba yake ya kuongeza ni 1.54: shamba la nusu tani kwa hekta hutoa tani 2 za mabaki kwa fomula, na robo tatu yake imetoka kwenye ile 1.54. Tafuta mavuno ya hekta kwanza, kokotoa, ndipo uzidishe kwa eneo.

La pili ni kipimo. Fomula inataka mpunga, siyo mchele, na karanga zenye maganda, siyo zilizobanguliwa. Taarifa za Nzega na Igunga mara nyingine hutaja mchele, kwa sababu ndio unaouzwa mashineni. Tena gunia la lumbesa halina kilo 100, lina zaidi, na mkulima akiulizwa amevuna magunia mangapi atajibu kwa gunia alilolishona. Pima angalau magunia kumi kwa mizani kabla ya kukubali wastani wowote. Ni kazi ya asubuhi moja, na inarekebisha kosa ambalo hakuna kigezo cha IPCC kinachoweza kulirekebisha.

Sasa mazao yenyewe. FAOSTAT inahesabu mabaki ya shayiri, maharage makavu, mahindi, ulezi na jamii yake, oti, viazi mviringo, mpunga, rai (rye), mtama, soya na ngano. Soma orodha hiyo ukiwa Kaliua. Tumbaku haimo. Soma ukiwa Kasulu au Kibondo: muhogo haumo. Pamba ya Igunga haimo. Jedwali 11.2 la IPCC lina karanga na lina safu za jumla za viazi na mizizi, kwa hiyo mwenye kukokotoa mwenyewe anaweza kuusogeza muhogo humo. Ila aangalie ukavu: safu ya viazi ina 0.22, wakati muhogo mbichi huwa na theluthi moja au zaidi. Tumbaku na pamba hazina safu kabisa. Kwa mikoa inayoishi kwa mazao haya hilo ni pengo kubwa, na linafanya jumla ya Tanzania ionekane imekamilika kuliko ilivyo.

Moto na mifugo ndivyo vinavyohitaji uangalifu zaidi. Fomula inakutaka uondoe sehemu ya mabaki inayotolewa shambani. Ukikosa takwimu inakuruhusu kuweka sifuri. Usiweke sifuri Tabora. Baada ya mavuno ng'ombe huachiwa mashambani, na kufikia Septemba mabua yanayoonekana ni vigongo tu. Naitrojeni waliyoila haijapotea, hurudi kama mavi na mkojo, na hiyo ina hesabu yake upande wa mifugo. Ukiihesabu pande zote mbili umeongeza gesi isiyokuwepo.

Kuhusu moto, tumia mfano uleule. Tani 2.40 za mabua zikiachwa zioze hutoa gramu 226 za N2O, mizizi ukiiweka kando. Zikichomwa, asilimia 80 huungua na kutoa gramu 0.07 kwa kilo, yaani gramu 135. Zinazobaki huoza na kutoa gramu 45. Jumla gramu 180. Kwa N2O peke yake moto unaonekana kuwa nafuu, na wapo wanaoishia hapo. Wasiishie hapo: moto huohuo hutoa gramu 2.7 za methani kwa kila kilo iliyoungua, zaidi ya kilo 5 kwa hekta. Umeokoa kilo 12 za kaboni dioksidi kwa upande wa N2O, umeongeza 145 kwa upande wa methani (kila kilo yake huhesabiwa sawa na 28), na naitrojeni iliyokuwa mali ya shamba imepaa na moshi. Jihadhari pia na jedwali la uchomaji la IPCC, ambalo linachukua tani 10 za mabaki kwa hekta ya mahindi. Shamba letu lina 2.40. Ukiliacha hivyo, moto wa Urambo unakuzwa mara nne.

Udongo haumo kwenye hesabu hii. Kichanga cha Urambo na mbuga ya Igunga inayotuamisha maji vinapewa asilimia 1 ileile. Mabua makavu ya mahindi, ambayo bakteria huyaozesha polepole huku wakiishikilia naitrojeni, yanapewa kiwango kimoja na majani ya karanga yanayooza haraka ndani ya tuta. Mpunga wa majaruba pekee ndio una kigezo chake, 0.003.

Marekebisho ya IPCC ya 2019 yamesaidia kidogo: kwa mabaki ya mazao kigezo, badala ya ile asilimia 1 (0.01), ni 0.006 penye hali ya unyevu na 0.005 penye ukavu, na katika tropiki mpaka ni mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka. Mstari huo unapita katikati yetu. Igunga iko upande mkavu, milima ya Kasulu iko upande wa unyevu, na Tabora mjini inaukaribia kutoka chini. Tumia wastani wa miaka mingi wa kituo cha mvua kilicho karibu, usibadilishe kigezo kwa sababu msimu mmoja ulikuwa mzuri.

Kwa ripoti ya taifa au kulinganisha mwaka na mwaka, tumia FAOSTAT kama ilivyo. Kwa hesabu ya halmashauri, fungua jedwali lako mwenyewe, weka vigezo vya 2006 au vya 2019 bila kuvichanganya, na tenga safu tatu ambazo FAOSTAT haikupi kwa eneo lako: kilichochomwa, kilicholiwa na ng'ombe, na uzito halisi wa gunia.