Uzoefu wangu: kiyoyozi cha nyumbani ndani ya gari la kambi la zamani

Tumefunga AC ya ukutani, zile za vipande viwili zinazofungwa sebuleni, kwenye gari letu kuukuu la kambi. Ni ya BTU 9,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza), ya inveta, inayotumia gesi ya R-32. Tumelala nayo misimu ya joto, tumeipitisha barabara mbovu, na jibu langu kwa anayejiuliza kama inafaa ni ndiyo. Ila kazi ya kuiandalia gari ni kubwa kuliko kazi ya kuifunga, na hapo ndipo wengi wanapokwama.

Njia iliyozoeleka ni AC ya paa. Inakaa juu ya tundu la mraba la sentimita 36 hivi, ambalo magari mengi ya kambi tayari yanalo kwa ajili ya kupitisha hewa. Kwa gari jipya sina neno nayo. Kwa gari la zamani nina hoja mbili. Kwanza uzito: mashine hizo huwa na kilo 35 hadi 45, na paa lililokwisha kuanza kubonyea au kuota kutu pembeni mwa tundu halistahili mzigo huo. Pili ni kompresa, yaani pampu inayobana gesi. AC nyingi za paa zina kompresa ya mwendo mmoja, inawaka yote au inazima yote, na kila inapowaka inavuta umeme kwa kishindo. Nayo iko juu ya kichwa chako, usiku kucha.

AC ya inveta inabadilisha mwendo wa kompresa kulingana na joto lililopo. Ikishafikia ubaridi unaoutaka, inatembea taratibu. Ya kwetu inavuta wati 800 hivi mwanzoni gari likiwa limechomwa na jua, halafu inashuka hadi wati 200 au 300 usiku. Ndani unasikia upepo tu. Kwa watu wanaolala mita mbili kutoka kwenye mashine, hilo pekee linatosha kunishawishi.

Sasa gari lenyewe. Mwili wa gari la zamani ni bati tupu, na kioo cha mbele kinapitisha joto kuliko kitu kingine chochote ndani yake. Kabla ya kununua mashine tulivua mbao za ndani, tukasugua kutu, tukapaka rangi ya kuzuia kutu, kisha tukabandika sponji nene zisizonyonya maji kwenye kuta na dari. Madirisha yote yalipata vizuizi vya kung'aa vya kubandika. Kioo cha mbele tunakifunika kwa nje, maana ukizuia jua ndani ya kioo joto limeshaingia. Nawasihi msiruke hatua hii kwa kununua mashine kubwa zaidi. Mashine ikizidi ukubwa wa chumba, inapoza haraka na kusimama kabla haijaukausha unyevu, mnabaki na baridi yenye majimaji. Hata ya inveta ina kiwango cha chini ambacho haiwezi kwenda chini yake. BTU 9,000 kwa vani ndefu inatosha na kubaki.

Kipande cha nje kina kilo zaidi ya 20. Tulikifunga nyuma, juu ya fremu ya chuma iliyoshikwa kwa boliti kwenye chesisi yenyewe. Mlango wa nyuma haufai, bawaba zake zimechoka. Chini ya gari nako panawezekana, na kuna wanaofanya hivyo vizuri, lakini matope na mawe yanapiga moja kwa moja kwenye mapezi ya kipoza joto, na hewa ya moto inazunguka na kurudi kwenye mashine. Popote mtakapokiweka, acheni nafasi nyuma yake, upande unaovuta hewa, kama kitabu cha mashine kinavyoelekeza. Tukiwa safarini tunakifunika turubai ili upepo usizungushe feni ovyo, na turubai linatoka kabla ya kuwasha.

Nikae kidogo kwenye mabomba ya gesi yanayounganisha vipande viwili, kwa sababu hapa ndipo AC za nyumbani zinapofia kwenye magari. Ukutani nyumbani bomba la shaba halitikisiki. Ndani ya gari linatikisika kila kilomita, na shaba inayotikiswa sana inakuwa ngumu, halafu inapasuka, mara nyingi karibu na nati. Kwa hiyo kipande cha nje kiko juu ya mipira minene, na kabla ya kufika kwake bomba limezungushwa duara kubwa ili lipate mahali pa kucheza. Watengenezaji wengi wanataka urefu usiopungua mita 3 hata kama umbali halisi ni mfupi, na duara hilo linakupa urefu huo. Kila futi ya bomba imebanwa kwa klipu zenye mpira ndani.

Fundi wa kwanza tuliyemwita alitaka kufungua gesi kidogo isukume hewa nje ya mabomba, kisha abane nati basi. Tulimkatalia. Hewa na unyevu vikibaki ndani, presha inapanda na unyevu unakorofishana na mafuta ya kompresa. Aliyemaliza kazi alijaza kwanza naitrojeni, akapaka povu la sabuni kwenye viungo, akaacha geji tuone kama sindano inashuka. Halafu akavuta vakyumu kwa pampu mpaka kipimo kikasoma chini ya maikroni 500 (kipimo cha presha iliyobaki ndani), na akakaza nati kwa spana ya kupima nguvu. R-32 inaweza kushika moto, ingawa kwa shida, na ni nzito kuliko hewa. Kwa sababu hiyo viungo vyote vimetolewa nje ya bati. Ndani ya chumba tunacholala hakuna nati hata moja. Nchi nyingi zinataka gesi ishikwe na fundi mwenye leseni, na katika kazi hii nakubaliana nazo kabisa. Jueni pia kwamba kuifunga kwenye gari kwa kawaida kunafuta dhamana ya mashine.

Umeme ni hesabu tu. Betri ya lithiamu ya volti 12.8 na ampea-saa 200 ina wati-saa 2,560. Toa sehemu ya kumi inayopotea kwenye inveta ya betri, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, zinabaki 2,300 hivi. Mashine ikivuta wastani wa wati 300, hizo ni saa saba na ushee: zinatosha usiku, lakini hazibakizi kitu cha mchana. Sisi tuna betri mbili za namna hiyo na paneli za sola juu ya paa, nafasi ambayo AC ya paa ingeichukua. Inveta hiyo iwe ya wimbi safi, yaani inayotoa umeme laini kama wa gridi, na waya za kutoka betri ziwe nene na fupi, zenye fyuzi karibu na betri. Msitegemee alteneta ya gari la zamani ibebe mzigo huu peke yake.

Kipande cha ndani kiko juu ya milango ya nyuma. Kinaning'inia kwenye kulabu za bati, na kwenye mashimo ya barabara kinaruka, hivyo kilihitaji skrubu mbili za chini kukishika ukutani. Maji nayo yana tabia yake: gari likiegeshwa limeinamia upande usio na mpira wa kutolea maji, yanamwagika kitandani. Tuliongeza mpira wa pili upande wa pili. Mashine nyingi zina matundu mawili tayari, moja limezibwa.

Faida ambayo sikuitegemea ni majira ya baridi. Nyingi ya AC hizi zinageuza kazi na kutoa joto, na kwa umeme uleule zinatoa joto zaidi ya hita ya waya.

Kama unasafiri wikiendi chache na kila mara unalala penye soketi ya umeme, na paa lako bado zima, nunua ya paa uokoe nguvu zako. Anayelala mbali na umeme, kwenye joto, na aliye tayari kulivua gari lake mpaka bati, hii ndiyo ya kwake. Baada ya barabara ya vumbi fungua kichujio cha ndani ukioshe, na mapezi ya nje uyamwagie maji ya presha ndogo, kwa sababu presha kubwa inayalaza. Viungo tunavipaka sabuni kila mwanzo wa msimu, na hadi sasa havijatoa povu.